Kabichi ya Sokoni, Makande ya Mtoto

Malori ya mboga yanayoteremka kutoka Lushoto kupitia Soni na Mombo kwenda Dar es Salaam yamewaaminisha wengi kwamba mtoto wa Usambara hakosi chakula bora. Historia ya milima hii inasema vingine. Kabichi, viazi mviringo, plamu na pea vilienezwa na wamisionari na walowezi wa Kijerumani tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo ni mazao ya kuuza kuliko ya kula. Chakula chenyewe kilikuwa ndizi. Steven Feierman, mwanahistoria wa ufalme wa Wakilindi wa Usambara, ameonyesha jinsi migomba ilivyobeba maisha ya Wasambaa kabla ya mahindi kutawala. Kwa mtoto badiliko hilo lilikuwa zito: ndizi hukatwa karibu mwezi wowote, ilhali mahindi huja kwa msimu, na ghala likikauka mapema anayeumia zaidi ni yule anayekua. Ardhi nayo ilibanwa na mashamba ya walowezi na misitu ya hifadhi. Mwaka 1946 Waingereza walianza mpango wa kulazimisha matuta ya kuhifadhi udongo huko Mlalo, Lushoto, ukapingwa hadi ukaachwa mwaka 1957. Mabishano yalihusu udongo, lakini chini yake lilikuwamo swali la nani atakula nini.

Mwanafunzi wa miaka 7 hadi 12 anahitaji takriban kilokalori 1,500 hadi 2,300 kwa siku, kutegemea umri, jinsia na shughuli zake, na kupanda vilima kwenda shule ni shughuli kweli. Gramu 100 za kabichi mbichi zina kilokalori 25 hivi. Uzito uleule wa mahindi au maharage makavu una zaidi ya 300. Kwa tumbo dogo, mboga peke yake haiwezi kazi hiyo, wala uji mwepesi. Makande ya mahindi na maharage, yanayodharauliwa kama chakula cha shida, yanaiweza, hasa yakiungwa kwa mafuta au karanga.

Atasema mtu kuwa kabichi ni fedha, na fedha hununua unga. Ni kweli, ila bei huanguka wakulima wote wanapovuna pamoja, na mtoto hula kila siku, si siku ya gulio tu. Mwingine atauliza vitamini zitoke wapi. Jibu liko kando ya shamba: utafiti wa Anne Fleuret uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha kuwa watu wa Lushoto waliendelea kula majani ya porini kwa wingi, na kwamba yalichangia sana lishe yao ingawa mboga za kigeni zilikwisha kuenea. Pingamizi linaloniuma zaidi ni la kuni, kwa kuwa makande huchemka kwa saa nyingi. Kuloweka usiku kucha hupunguza muda huo, ingawa hakuumalizi.

Shule nayo ilibadili mchana wa mtoto. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wawe darasani ifikapo 1977, na wengi wakawekwa mbali na muwa, ndizi na mahindi ya kuchoma ya shambani. Mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki mchango wa wazazi. Kwa mkulima wa Lushoto, mchango huo ni mwepesi ukiwa debe la mahindi na maharage baada ya mavuno. Ukidaiwa kwa fedha katikati ya msimu, humlazimisha auze kabichi kwa bei ya hasara.