Mpira Uliopikwa Arusha

Kando ya barabara ya Moshi, pale Sekei, fundi pancha hakusomea kemia, lakini kazi yake ni kemia tupu. Anasugua tyubu kwa msasa, anabandika kipande cha mpira mbichi juu ya tundu, anakibana kwa chuma kisha anawasha moto. Baada ya dakika chache kiraka na tyubu vimekuwa kitu kimoja. Ukikivuta hakibanduki, na jua la Makuyuni halitakilainisha. Kinachotokea chini ya kile chuma ndicho kilichoyawezesha magari kutembea duniani, na kwa zaidi ya miaka 30 kilifanyika kwa maelfu ya matairi katika jiji hili hili, kwenye kiwanda cha General Tyre, upande wa Njiro.

Mpira unapotoka mtini hauwezi joto. Utomvu wake ukigandishwa na kukaushwa hupata ulaini na kuvutika vizuri, lakini juani unanata na kwenye baridi unakakamaa. Wamarekani waliligundua hilo kwa hasara. Kampuni ya mpira ya Roxbury, Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1833, iliuza viatu na makoti mengi, na majira ya joto yalipofika bidhaa ziliyeyuka na kunuka. Charles Goodyear, mfanyabiashara aliyefilisika na kufungwa kwa madeni, aliushikilia mpira huo miaka kadhaa akiuchanganya na kila unga alioupata. Mwaka 1839, mjini Woburn, mpira wenye salfa uligusa jiko la moto. Haukuyeyuka. Uliungua kama ngozi, na pembeni mwa sehemu iliyoungua ukabaki imara huku ukivutika. Alipata hataza yake Juni 1844, wakati huo Thomas Hancock wa Uingereza akiwa amekwisha kuomba ya kwake London. Goodyear alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni makubwa, na kampuni kubwa yenye jina lake iliundwa miaka 38 baadaye na watu wasiokuwa ndugu zake.

Siri yenyewe iko katika minyororo. Mpira ni polima, yaani molekuli ndefu mno zilizolaliana ovyo kama tambi kwenye bakuli. Zikipata joto zinateleza, kila moja na njia yake. Salfa ikipashwa moto pamoja nazo hujenga madaraja madogo kutoka mnyororo mmoja hadi mwingine, na madaraja hayo hayafunguki kirahisi. Ndiyo maana ndoo ya plastiki iliyopasuka huyeyushwa ikafinyangwa upya, ila tairi kuukuu haliyeyuki. Litakatwa tu. Wanaotengeneza katambuga katika masoko ya Arusha wanalijua hilo kwa visu vyao: tairi lililokwisha barabarani linageuka kiatu kitakachomvusha mfugaji kwenye miiba na udongo wa moto kwa miaka. Vipande vinavyobaki vinakuwa kamba za kufungia mizigo kwenye baiskeli na pikipiki.

Historia ya mpira katika nchi yetu ilitangulia kiwanda kwa karibu karne nzima. Kabla ya Wajerumani, misafara ilikuwa ikishusha Kilwa na Lindi mpira wa porini uliotokana na mimea inayotambaa ya jamii ya mibungo. Wakoloni walipoona bei inapanda wakaleta kutoka Brazili mti ulio ndugu wa muhogo, wakaupanda Muheza, Tanga na Morogoro. Bei ilifika kileleni mwaka 1910, na kufikia 1913 ikaporomoka, kwa sababu mashamba ya Malaya, yaliyopandwa aina bora zaidi ya mpira, yalianza kumwaga mzigo wake sokoni. Mashamba ya huku yakaachwa. Miti ikabaki, na hadi leo Mtanzania anachuma majani yake na kuyapika, kisamvu cha mpira, bila kukumbuka kwamba mti huo uliletwa kwa ajili ya magurudumu.

Mara mbili vita viliufufua mpira huo. Kuanzia 1914 manowari za Waingereza ziliufunga mwambao, na Wajerumani waliozingirwa wakachanganya mpira wa mashamba na salfa ili kupata matairi ya magari. Hayakuwa mazuri, lakini yalitembea. Jambo hili linastahili kujulikana zaidi: ujuzi wa kupika mpira ulifika katika ardhi hii zaidi ya nusu karne kabla ya General Tyre, na ulikuja kwa dhiki. Mara ya pili ilikuwa baada ya Wajapani kuitwaa Malaya mwaka 1942. Serikali ya Tanganyika iliirudia miti iliyotelekezwa, na watu wakachukuliwa kwa lazima kwenda kuigema.

Kiwanda chenyewe kilizaliwa na siasa za Afrika Mashariki. Katika makubaliano ya Kampala ya mwaka 1964, nchi tatu ziligawana viwanda ili zisishindane bure, na matairi yakaangukia Tanzania. Hata hivyo Kenya iliipa Firestone nafasi Nairobi, kwa hiyo soko lililotosha kiwanda kimoja likagawanywa mara mbili kabla halijakua. Tanzania haikurudi nyuma. Mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, General Tyre East Africa iliundwa: Serikali kupitia Shirika la Maendeleo ya Taifa, NDC, ilishika asilimia 74, na General Tire ya Akron, Ohio, asilimia 26. Uzalishaji ulianza mwaka 1971.

Kutengeneza tairi ni upishi unaodai nidhamu. Mpira hukandwa kwenye mashine nzito pamoja na masizi meusi, salfa, oksaidi ya zinki na dawa za kuharakisha upikaji. Bila masizi tairi lingelika upesi, na bila dawa hizo salfa ingefanya kazi taratibu mno. Mchanganyiko husukumwa kuwa mikanda, ukapakwa kwenye nyuzi za nguo, kisha mafundi wakajenga tairi bichi tabaka kwa tabaka. Mwisho tairi huingia kwenye kalibu ya chuma na kubanwa kwa mvuke, kwenye joto la nyuzi 150 hivi au zaidi. Likitolewa mapema ni laini, likichelewa linakauka na kupasuka. Fundi wa kupika alihitaji saa, vipimo na uzoefu.

Barabarani nako tairi linapambana na joto linalotoka ndani yake lenyewe. Kila linapozunguka linakunjika na kukunjuka, na kila mkunjo huzaa joto. Upepo ukipungua mikunjo inaongezeka, na ndipo basi lililojaa abiria linapasukiwa katikati ya safari. Mpira wa asili huzaa joto dogo kuliko aina nyingi za mpira wa viwandani, kwa hiyo matairi ya malori huuhitaji kwa wingi, na ya ndege zaidi. Kwa sababu hiyo ninaamini uamuzi wa busara kuliko yote wa General Tyre ulikuwa kuwa na mashamba yake ya mpira, Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Nchi ilikuwa na mti, shamba na jiko la kupikia.

Nyumbani pia tunaishi na ndugu wa tairi bila kuwatambua. Kishikio cheusi cha sufuria na cha pasi za zamani ni bakelaiti, polima aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, ambayo ikishapikwa mara moja haiyeyuki tena. Mpira wa kuzibia jiko la presha na bomba la gesi ni wa kizazi hicho hicho. Bomba la gesi lililochakaa lisifungwe kwa plastiki ya kawaida. Plastiki hiyo haina madaraja ya kulihimili joto.

Turudi kiwandani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Namanga ukafungwa. Soko likapungua. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba, na masizi, nyuzi na kemikali vilitoka nje. Tairi likawa bidhaa ya kibali. Mwaka 1987 kampuni ya Continental ya Ujerumani iliinunua General Tire, na hisa za Arusha zikaenda nayo. Soko lilipofunguliwa, matairi ya bei nafuu kutoka nje yakaikuta mitambo iliyozeeka. Hata mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa dola milioni 10 haukuiokoa, na kabla ya mwaka 2010 mvuke ulikuwa umezimwa. Baadaye Serikali ilinunua hisa za Continental na kuiachia NDC kazi ya ufufuaji. Hata mshindani wa zamani hakusalimika: Sameer Africa, mrithi wa Firestone, ilifunga kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2016.

Nasikia watu wakisema Watanzania walishindwa kutengeneza matairi. Si kweli. Walitengeneza, na mabasi na malori yaliyoyavaa yalitembea nchi nzima. Kilichokosekana ni mtaji wa kubadilisha mitambo kwa wakati na soko la pamoja lililoahidiwa Kampala. Waliopanga mchanganyiko na kusoma vipimo vya mvuke sasa ni wazee, wengine bado wako Arusha. NDC na vyuo vyetu vya ufundi vikae nao sasa, viandike wanachokijua, na vijana waanze na vitu vidogo: mikanda ya mashine, vizibo vya pampu, mabomba ya gesi. Mashamba ya Kihuhwi na Kalunga bado ni mali ya umma.