Nairuzi: Hesabu ya Kiajemi katika Mwaka wa Waswahili

Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, si ajabu kuona dukani kalenda yenye tarehe za miladi na za Hijra pamoja. Hesabu ya tatu haitundikwi ukutani, ingawa ni ya kale pwani: ile ya Nairuzi, ambayo mwaka wake ni siku 365 kamili, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada.

Jina ni la Kiajemi, na maana yake ni siku mpya. Umbo la mwaka nalo lafanana na la wafuasi wa Zarathustra, wenye miezi 12 ya siku 30, na siku tano za mwisho zilizopewa majina ya Gatha, nyimbo takatifu za nabii wao. Hesabu hizi hazina mwaka mrefu. Kwa hiyo mwanzo wa mwaka hurudi nyuma siku moja kila miaka minne.

Je, Waswahili walifundishwa na Waparsi waliohamia Unguja katika karne ya 19, wakawa na hekalu lao la moto huko? Hesabu yenyewe yakataa. Waparsi wa Gujarati waliwahi kuongeza mwezi mzima. Mwaka 1745 baadhi yao mjini Surat walirudia hesabu ya Iran, wengi wakabaki na yao. Siku hizi mwaka mpya wa hao wengi huangukia Agosti, na wa wale wachache Julai. Watu wa Makunduchi nao huoga mwaka Julai. Yaelekea, basi, kwamba Nairuzi ya pwani yatokana na Iran moja kwa moja, tena kwa mikono ya mabaharia. Ahmad bin Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15, alipanga misimu ya safari kwa siku za Nairuzi, naye alikuwa Mwislamu.

Wanaoiita sherehe ya Makunduchi Umajusi huchanganya kalenda na ibada. Huko wanaume hupigana kwa migomba, na kibanda cha makuti huteketezwa. Kwa Mparsi, moto wa hekaluni hulishwa kuni safi wala hauachwi uzimike; kuhani hujifunika kinywa kwa kitambaa, asije akautia unajisi kwa pumzi yake. Kibanda kile kikiwaka mbele ya umati wenye kelele kingemkirihi, kisimkumbushe kwao.