Zana za utafiti za mwekezaji mdogo

Zana za utafiti za mwekezaji mdogo ni nyaraka, mafunzo na vikokotoo vinavyomsaidia mtu anayewekeza fedha zake mwenyewe kwa miaka mingi kuamua anunue nini, ashike nini na aachane na nini. Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. La Dar es Salaam liliundwa mwaka 1996 na kuanza mauzo mwaka 1998. Kwa muda mrefu mtu wa kawaida katika miji hiyo alimtegemea dalali na safu ya bei gazetini. Leo bei ziko kwenye simu, na Mtanzania anaweza kununua hisa kupitia programu ya Hisa Kiganjani bila kutoka nyumbani. Wingi huo wa njia umeficha tofauti kubwa iliyopo kati ya zana na zana. Mwekezaji wa muda mrefu ana sababu ya kuzipanga si kwa wepesi wake, bali kwa ukaribu wake na hesabu za kampuni yenyewe. Waswahili walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye hisa ni mwenye mali, na daftari lake ni ripoti ya mwaka.

Ripoti hiyo ina sehemu nne zenye uzito. Mizania huonyesha kampuni inamiliki nini na inadaiwa nini siku ya mwisho wa mwaka. Taarifa ya mapato huonyesha imeuza kiasi gani na imebakiwa na faida gani. Taarifa ya mtiririko wa fedha hufuatilia pesa taslimu zilizoingia na kutoka, kwa kuwa faida inaweza kuandikwa kabla mteja hajalipa. Mwisho huja maelezo ya hesabu, ambamo mara nyingi hukaa habari zisizopendeza: kesi mahakamani, mikopo inayokaribia kuiva, biashara kati ya kampuni na wakurugenzi wake. Kenya ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya uhasibu mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, kwa hiyo aliyejifunza kusoma ripoti ya benki moja ya Nairobi hapotei akifungua ya benki ya Dar es Salaam. Kampuni inapouza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza, kazi ya ripoti hufanywa na waraka wa matarajio, ambao huongeza historia ya kampuni, hatari zake na namna fedha zitakavyotumika.

Tofauti kati ya bei na hesabu ilionekana wazi katika mauzo ya hisa za kampuni ya simu ya Safaricom. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya kampuni hiyo kwa shilingi 5 kwa hisa, na maombi yakazidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa. Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni Juni 2008 zilipanda juu ya shilingi 7, kisha zikaporomoka hadi chini ya shilingi 3 mwaka uliofuata, na zikakaa chini ya bei ya mwanzo kwa sehemu kubwa ya miaka michache iliyofuata. Mwenye kutazama bei tu aliona msiba. Mwenye kusoma ripoti aliona picha yenye pande mbili. Faida ilishuka katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 na ikayumba tena baadaye, lakini mapato yalipanda kila mwaka, kutoka takriban shilingi bilioni 61 mwaka 2008 hadi zaidi ya bilioni 120 mwaka 2013, huku M-Pesa, huduma yake ya fedha kwa simu iliyoanzishwa mwaka 2007, ikichukua sehemu inayozidi kukua. Ripoti haikumwambia lini bei ingerudi. Ilimwonyesha kwamba biashara aliyoinunua bado ipo na inakua, jambo ambalo ubao wa bei haukuweza kumwambia.

Kampuni ya sukari ya Mumias, iliyoingia katika soko la Nairobi mwaka 2001, inatoa ushahidi wa upande wa pili. Bei yake ilipokuwa ikishuka, wapo walioiona kuwa hisa ya bei rahisi, kana kwamba urahisi ni sifa inayojitosheleza. Hesabu za mwaka ulioishia Juni 2013 zilikuwa zimekwisha kuonyesha hasara inayozidi shilingi bilioni moja, na hasara ziliendelea katika miaka iliyofuata. Mwaka 2019 kampuni iliwekwa chini ya meneja mrasimu, anayeisimamia kwa niaba ya wadai. Kati ya onyo na anguko kulikuwa na miaka sita. Hapa ndipo mwekezaji mdogo ana faida ambayo wengi hawaitambui: hahitaji kuwa wa kwanza kujua. Mlanguzi wa siku moja hushindwa akichelewa saa moja, lakini mwenye nia ya miaka ishirini anaweza kusoma ripoti mwezi mzima baada ya kutoka na bado akawahi.

Kwa kipimo hicho, baadhi ya mafunzo yanayosifiwa yanahitaji kutazamwa upya. Tangu mwaka 2014 Soko la Hisa la Dar es Salaam limekuwa na shindano la wanafunzi wanaonunua na kuuza hisa kwa mtaji wa kubuni. Shindano la namna hii hufundisha lugha ya soko na kuondoa woga, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini kwa kuwa mshindi hupatikana baada ya miezi michache, humtuza aliyebahatisha mwendo wa bei kuliko aliyechagua kampuni itakayolipa gawio miaka kumi ijayo.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba hesabu zenyewe zinaweza kudanganya. Imperial Bank ya Kenya iliuza hatifungani za shilingi bilioni 2 mwaka 2015 kwa waraka uliopitishwa na mamlaka husika. Oktoba mwaka huohuo Benki Kuu iliifunga, baada ya kugundulika mikopo iliyofichwa nje ya vitabu kwa miaka. Msomaji makini wa waraka ule hakuwa na njia ya kuyajua hayo. Pingamizi hili ni la kweli, ila linapunguza imani ya kuweka akiba yote katika kampuni moja. Haliupi uvumi nguvu, kwa kuwa mnong'ono wa mtaani nao haukuijua siri hiyo. Kinga yake ni kutawanya mtaji, na kulinganisha faida na pesa taslimu kwa miaka kadhaa mfululizo.

Wengine husema utafiti huu umepitwa na wakati, kwa kuwa John Bogle wa Marekani alifungua mwaka 1976 mfuko wa fahirisi unaonunua kampuni zote za fahirisi ya soko kwa gharama ndogo, na tafiti nyingi za huko zimeonyesha kwamba mameneja wengi hushindwa kulipita soko kwa muda mrefu. Hoja hiyo ina nguvu katika soko lenye maelfu ya kampuni. Nairobi ina takriban sitini na Dar es Salaam haifiki hata thelathini, na kampuni chache hubeba sehemu kubwa ya thamani yote. Kununua soko zima hapa ni kununua hizo chache. Hata mwenye vipande vya mfuko wa pamoja, kama Mfuko wa Umoja uliozinduliwa Tanzania mwaka 2005, ana ripoti ya kusoma: mfuko umewekeza wapi, na unakata ada kiasi gani. Kikokotoo cha kawaida kinatosha kuonyesha uzito wa swali hilo. Shilingi milioni moja ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka hufika milioni 6.7 baada ya miaka 20. Gharama zikila asilimia 2, hufika milioni 4.7 tu. Mfumuko wa bei hukata kwa njia ileile, na hautumi ankara.

Limebaki pingamizi la lugha. Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa kurasa mia na zaidi, na hilo humfungia nje mtu aliyesoma kwa Kiswahili. Tarakimu, hata hivyo, hazina lugha, na msamiati unaozizunguka umekwisha kupata Kiswahili chake: mizania, mtaji, gawio, dhamana, uchakavu, madeni. Kinachokosekana ni mazoea ya kuutumia. Mahali pa kuyajenga papo: hata hisa moja humpa mwenye nayo haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka, kushika ripoti mkononi, na kuwauliza wakurugenzi, kwa Kiswahili, pesa zilikwenda wapi.