Kazi ya Kumtafuta Mdudu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na ofisi moja ya hapa Dar es Salaam inayotengeneza programu za kompyuta. Nilikuwa nimeomba kazi ya kuandika programu. Wakaniambia nafasi hiyo imeshapata mtu, ila ipo nyingine: kuzijaribu programu wanazoandika wenzangu, kuzitafutia kasoro kabla hazijafika kwa mteja. Wakanipa siku kumi za kufikiri.

Mimi elimu yangu ni kidato cha nne. Programu nimejifunza usiku kwenye kompyuta kuukuu ya binamu yangu, mchana nikiuza duka la mjomba. Alfajiri naandika riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Kwa hiyo neno "kuandika" kwangu ni neno zito. Kijiweni walinicheka: "Yaani umesota miaka miwili yote hiyo, halafu ukawe mtu wa kubofyabofya vitu vya wenzako?" Mama yeye alisema maneno manne tu: "Mchagua jembe si mkulima." Akaendelea kupepeta mchele.

Hofu yangu si mshahara. Hofu yangu ni kwamba nikiingia kwa mlango wa mjaribu, nitabaki humo humo, miaka ipite, niwe msomaji wa kazi za watu na kamwe nisiwe mwandishi. Basi nikafanya ninavyofanya kila nikikwama: nikaenda kuuliza historia. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba anayeandika ni mkubwa na anayejaribu ni mdogo.

Jambo la kwanza nililokuta lilinishangaza. Mashine iitwayo ENIAC ilionyeshwa kwa umma Februari 1946 huko Philadelphia, Marekani. Waliopewa kazi ya kuipangia hesabu zake walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Siku zile sifa ilikuwa kwa wanaume waliounda mashine, waliofunga nyaya na taa. Kuipa mashine maagizo kulionekana kazi ya karani, kitu cha kumalizia. Akina mama wale walikaa miongo kadhaa bila majina yao kutajwa ipasavyo. Kumbe kazi ile ile ninayoililia leo, ya kuandika programu, ilianza ikiwa ndiyo kazi ya chini! Heshima ya kazi inahamahama, ndugu yangu. Haikai nyumba moja.

Mwaka uliofuata, tarehe 9 Septemba 1947, akaja nondo. Siyo nondo za kujengea, la, nondo yule mdudu anayezunguka taa usiku. Mafundi wa mashine ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta amenasa kwenye swichi, mashine imegoma. Walimtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika pembeni kwa utani kwamba sasa mdudu wa kweli amepatikana. Utani, kwa sababu mafundi walikuwa wameshazoea kuita kasoro "mdudu" tangu karne ya 19. Grace Hopper, aliyekuwa mmoja wa wataalamu wa kituo kile, alipenda sana kukisimulia kisa hiki, na daftari lenyewe limehifadhiwa kwenye makumbusho mjini Washington. Mimi ninachokipenda si yule nondo. Ni lile daftari. Waliona kosa, hawakulificha, wakalibandika na tarehe yake.

Wakati huo hapakuwa na mjaribu wala mwandishi. Mtu mmoja aliandika na kujaribu. Maurice Wilkes wa Cambridge, Uingereza, alisimulia baadaye jinsi mwaka 1949, akiwa anahangaika na moja ya programu za mwanzo za mashine yao ya EDSAC, ilimjia ghafla akiwa kwenye ngazi: sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki ingekwisha akitafuta makosa aliyoyafanya mwenyewe. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Mimi na riwaya yangu tunamwelewa sana mzee yule.

Kazi zikagawanyika kadiri programu zilivyozidi kuwa kubwa. Mwaka 1979 Glenford Myers alitoa kitabu kizima juu ya sanaa ya kujaribu programu. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba hujaribu ili kuthibitisha kuwa programu ni nzima, unajaribu ili uipate mbovu. Na akashauri kwamba aliyeandika asiwe yeye wa kuijaribu kazi yake. Wazee wetu walishalisema hilo kwa maneno matatu: nyani haoni kundule. Dada yangu alipoisoma riwaya yangu alinikuta nimemuua mzee wa watu sura ya tatu, halafu sura ya tisa mzee huyo huyo yuko mezani anakula pilau. Nilikuwa nimeipitia mara sita. Sikumwona.

Lakini kumpata mdudu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusikilizwa, na hapo ndipo historia inapoacha utani.

Margaret Hamilton aliongoza kundi lililoandika programu za vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Siku nyingine alikwenda kazini na binti yake mdogo. Mtoto akawa anachezea vitufe vya mashine ya mazoezi, akaita programu ya maandalizi ya kuruka wakati chombo, kwenye zoezi, kilikuwa safarini. Kila kitu kikavurugika. Hamilton akaomba aweke kinga. Akajibiwa kwamba wanaanga ni watu waliofunzwa vizuri, hawawezi kukosea hivyo. Akaruhusiwa tu kuandika onyo kwenye maelezo. Desemba 1968 Apollo 8 ikiwa njiani kurudi kutoka mwezini, mwanaanga Jim Lovell alibonyeza kosa lile lile la mtoto. Kumbukumbu za mahali chombo kilipo zikafutika, ikabidi zipangwe upya. Walirudi salama, tunashukuru. Lakini mtoto yule ndiye alikuwa mjaribu, na jibu alilopewa mama yake ndilo jibu wanalopewa wajaribu mpaka leo: "Hakuna atakayefanya hivyo."

Kisa cha pili hakikuisha salama. Therac-25 ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyotengenezwa Kanada. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na vya vyuma vya kuzuia mionzi isizidi. Kwenye hii vizuizi hivyo viliondolewa, ulinzi ukaachiwa programu, nayo iliandikwa na mtu mmoja. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa sita walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Hospitali zilipouliza, jibu lilikuwa kwamba mashine ile haiwezi kuzidisha dozi.

Mjini Tyler, Texas, ajali ilitokea Machi 1986, ikarudia Aprili. Mara zote mbili kioo kilionyesha "hitilafu namba 54", maneno ambayo mwendeshaji hakuwa na namna ya kuyaelewa. Mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, hakukubali yaishe hivyo. Alikaa na mwendeshaji, wakarudia na kurudia hatua zile zile mpaka mdudu akajitokeza. Siri ilikuwa kasi. Mwendeshaji alikuwa mzoefu. Alikosea herufi moja, akarudi haraka kuisahihisha, na programu haikutambua kuwa amebadilisha. Anayeandika polepole asingeuona ubovu huo hata mwaka mzima. Tena ubovu wa namna hiyo ulikuwamo kwenye mashine ya nyuma yake, ila vile vizuizi vilikuwa vinauficha.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Hager hakuandika hata mstari mmoja wa programu ile. Alibofyabofya tu, kama wanavyosema wa kijiweni. Na kubofyabofya kwake ndiko kulikovunja lile neno "haiwezekani".

Usidhani mambo haya ni ya Wazungu na mionzi yao. Chukua hizi pesa za simu tunazotumiana kila siku. Oktoba 2005 jirani zetu Kenya walianza kuijaribu M-Pesa, Nairobi na Thika, kwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Shabaha ilikuwa watu wapokee na kulipa mikopo kwa simu. Wananchi wakafanya yao: wengine wakatumia ndugu pesa, wengine wakaweka pesa kwenye simu ili wasitembee na noti mfukoni. Wenye mradi wangeweza kusema wateja wanakosea. Badala yake waliwatazama, na ilipozinduliwa Machi 2007 kazi yake kubwa ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Jaribio lile halikutafuta kasoro peke yake, lilionyesha kitu gani hasa kilikuwa kinahitajika.

Basi nimeona kwamba swali langu la kwanza lilikuwa limekaa upande. Nilikuwa nauliza kazi ipi ni kubwa, na historia imenionyesha kuwa ukubwa unahama. Swali lenyewe ni hili: katika ofisi ile, mjaribu akisema "hapa pana ufa", kuna mtu atasimama?

Juzi nikampigia bosi. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mzee, nikikuta kasoro mbaya siku moja kabla programu haijaenda kwa mteja, nani mwenye neno la mwisho?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ni mimi, kijana. Ila utaiandika kwenye orodha na jina lako, na mimi nikiamua kuiachia itoke, nitaandika sababu chini yake na jina langu." Nikakumbuka lile daftari la Harvard. Nikamuuliza tena kama siku moja ninaweza kuhamia kwenye kuandika. Hapo hakuniahidi kitu. Alisema tutaona.

Kesho asubuhi nitampigia nimwambie nimekubali. Nimejiwekea mwaka mmoja. Nikiona orodha ile ni pambo tu, au nikiona usiku wangu umeliwa wote na sina hata mstari wangu mwenyewe, nitaondoka na nitarudi dukani kwa mjomba bila aibu. Kijiweni watacheka, na wacheke. Na mzee wa sura ya tatu nimeshamfufua, sasa anakula pilau yake kihalali.

Nawe ndugu msomaji, ukiona nimekosea popote katika makala hii, niandikie. Hiyo ndiyo kazi niliyoichagua, si vibaya nikaanza kuizoea.