Mafuta ya samaki wa kufugwa: Aliyenona si lazima awe bora

MKAZI wa Nyamasaria, viungani mwa jiji la Kisumu, anapochagua kati ya ngege na kambare waliovuliwa kidimbwini, huenda akadhani kwamba aliyenona ndiye mwenye lishe bora. Dhana hiyo si sahihi.

Ngege, yaani tilapia, na kambare, aitwaye pia mumi, ndio wanaofugwa zaidi nchini Kenya. Ufugaji wao ulipanuka kuanzia 2009, serikali ilipofadhili uchimbaji wa vidimbwi katika mpango wa kufufua uchumi.

Mafuta ya samaki huundwa na asidi mbalimbali. Zinazothaminiwa mno ni EPA na DHA, za kundi la omega-3, ambazo hufaa moyo na ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Wataalamu waliokutanishwa na mashirika ya FAO na WHO mnamo 2008 walipendekeza mama mjamzito apate angalau miligramu 300 za asidi hizo kwa siku.

Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zaonyesha kuwa gramu 100 za tilapia mbichi zina takriban gramu 1.7 za mafuta. Kambare wa kufugwa wa nchi hiyo, ambaye si wa jamii moja na wa Ziwa Victoria, ana gramu 6 hivi. Hata hivyo, EPA na DHA kwa jumla hazifikii miligramu 100 kwa yeyote kati yao. Trauti wa kufugwa, samaki anayepatikana pia katika mabwawa ya maeneo ya Mlima Kenya, ana zaidi ya miligramu 700.

Tofauti hiyo haitokani na jamii ya samaki pekee. Trauti hulishwa unga na mafuta ya samaki, ilhali tilapia na kambare hulishwa zaidi soya, mahindi na pumba, vyakula vyenye omega-6 kwa wingi. Tilapia huweza kugeuza omega-3 ya mimea kuwa DHA, lakini kwa kiasi kidogo. Mwani unaoota katika kidimbwi kilichotiwa samadi humsaidia.

Njia nyingine ni kuchanganya omena katika chakula cha samaki. Hapo ndipo penye utata: omena, wenye omega-3 zao wenyewe, ni kitoweo cha wanyonge. Kila gunia linalomwagwa kidimbwini hupunguza kilichomo sufuriani mwa familia ambayo haimudu bei ya ngege.