Kitenzi "do" katika historia ya Kiingereza

Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kitenzi kinachoandikwa leo "do" kilimaanisha kutenda na pia kuweka, na muulizaji hakukihitaji, kwa kuwa alitanguliza tu kitenzi kikuu mbele ya kiima, yaani mtenda. Baadaye kilibeba pia usababishi, kazi ambayo Kiswahili huikabidhi kiambishi tamati, kama katika "jengesha". Na Alvar Ellegård, mwanaisimu wa Uswidi, alieleza mwaka 1953 kwamba humo ndimo kilimopoteza uzito wake. Hoja hiyo ina mashiko, kwani mfalme aliyesemwa kuwa "did build" ngome hakudhaniwa kubeba jiwe hata moja, na msomaji hakupotewa na kitu akielewa kuwa aliijenga tu. Wapo wengine wanaoona humo athari ya lugha za Kikelti, hasa Kiwelishi.

Katika karne ya 16 kitenzi hicho, sasa kikiwa kisaidizi kisicho na maana yake chenyewe, kilienea katika maswali, ukanushi na hata kauli yakinishi za kawaida, ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imejaa "did eat" pale ambapo "ate" ingetosha. Matumizi hayo ya mwisho yalififia, na Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliyashutumu. Katika ukanushi, vitenzi vichache vilikikaidi kisaidizi hicho: "I know not" iliendelea kuandikwa katika karne ya 18, wakati vingine vingi vilikuwa vimekwisha kusalimu amri.