Dhahabu Nyekundu: Kutoka Sofala Hadi Kipimo cha Malaria

Wenzetu, dhahabu ni ya rangi gani? Wengi mtajibu: manjano. Leo tunaandika habari za dhahabu nyekundu, ambayo huenda ilishakupima malaria kambini bila wewe kujua.

Tuanze kwetu. Kabla Mreno hajafika, dhahabu ya bara iliteremshwa Sofala, Msumbiji ya leo. João de Barros, mwanahistoria Mreno wa karne ya 16, aliandika kwamba watu wa Mogadishu ndio waliotangulia kuifuata huko, kisha Kilwa ikaishika biashara ile. Sasa tazama ramani. Chombo kinachopanda na kusi kutoka Sofala kwenda Mogadishu kinapita nje ya Chula, Chovai, Koyama na Kismayu. Dhahabu ilipita mbele ya visiwa vyetu, ikaenda kwa masultani na matajiri.

Mwaka 1857 huko London, Michael Faraday aliigeuza dhahabu kuwa chembe ndogo sana ndani ya maji. Maji yakawa mekundu kama juisi ya komamanga, na yeye akasema wekundu ule ni wa dhahabu yenyewe. Mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie akaeleza jambo hilo kwa hesabu. Kumbe mafundi wa Roma walishalitumia bila kulijua: kikombe cha Lycurgus cha karne ya 4, kilichoko British Museum, kina chembe za dhahabu na fedha ndani ya kioo. Ukikimulika kwa nje ni kijani, ukiweka taa ndani kinakuwa chekundu.

Kwa nini? Ndani ya chembe ndogo kama hiyo, mwanga ukiipiga, elektroni zinayumba zote pamoja, kama mashua zilizofungwa gatini zinapopandishwa na wimbi moja. Wimbi linaloziyumbisha zaidi ni la mwanga wa kijani, kama nanomita 520. Kijani kinamezwa, wekundu unabaki. Chembe zenyewe ni ndogo mno: zile za nanomita 40, ukizipanga 25,000 kwa mstari ndiyo unapata milimita moja.

Sasa njoo kwenye kipimo cha haraka. Ndani yake mna chembe za dhahabu zilizovishwa kingamwili. Damu yako ikiwa na protini ya vimelea vya malaria, iitwayo HRP2, chembe zinaing'ang'ania. Zote zinasafiri juu ya karatasi mpaka zinanaswa kwenye mstari. Zikijazana pale, jicho linaona nyekundu. Vipimo vingi vya ujauzito, vya VVU na vya Korona vimetumia ufundi huu huu.

Wazazi wetu walipokimbia vita mwaka 1991, wengine wakakaa kambi ya Jomvu karibu na Mombasa, homa ilitibiwa mara nyingi kwa kukisia. Ukikisia vibaya, mtoto anameza dawa ya malaria huku ugonjwa mwingine unamla. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza.

Lakini kipimo kina mipaka yake, na tuijue:

Mstari hafifu ni mstari. Usiambiwe "hakuna kitu" kwa sababu rangi imefifia.

Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika. Kirudiwe kwa kingine.

Kisomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye maelezo yake, si mapema wala baada ya saa mbili.

HRP2 inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Mstari peke yake si ushahidi kwamba dawa imeshindwa.

Na huku Pembe ya Afrika, Eritrea, Ethiopia na Djibouti, kumeonekana vimelea visivyotengeneza HRP2. Dhahabu haina cha kushika, mstari hautoki, na malaria ipo. Homa ikiendelea rudi kliniki, omba damu iangaliwe kwa hadubini.

Wahudumu wa afya mnaotusoma, tunawaomba jambo moja: mwonyesheni mgonjwa kipimo chake, mumweleze mstari upi ni upi. Nanyi vijana, waelezeni mama zenu nyumbani kwa lugha yetu.